Viza ya mtandaoni ya India kwa anayefuata mashine: jibu kwa msomaji wa Kibaigwa

Swali

Habari za kazi. Nina mashine ndogo ya kukamua alizeti hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Nimepata kiwanda cha mashine kule Ludhiana, India, na nataka niende mwenyewe na fundi wangu tuione ikikamua kabla sijatoa hela. Kijana wa steshenari amenijazia viza ya utalii kwenye intaneti, akaweka barua pepe yake kwa kuwa mimi sikuwa nayo. Picha ilikataa mara nyingi, na tulipofika kwenye malipo kadi yangu ya benki ikakataa mara mbili. Safari iko baada ya wiki tano. Nianzie wapi? Au niende tu ubalozini Dar es Salaam?

Jibu

Mama, kwa viza hii huna haja ya kwenda Dar es Salaam. Mwenye pasipoti ya Tanzania anaomba viza ya India kwa mtandao, analipa kwa kadi, na kibali kinamfikia kwenye barua pepe. Wiki tano zinatosha na siku zinabaki. Lakini lile ombi lililoanzwa steshenari liache lilivyo, usilipe tena hata senti. Kadi kukataa ndiyo kasoro ndogo kuliko zote. Kubwa ni kwamba viza yenyewe siyo unayoihitaji, na barua pepe siyo yako, kwa hiyo hata ingekubaliwa kibali kingelala kwenye simu ya kijana wa watu. Ombi lisilolipiwa haliendi mezani kwa afisa yeyote, hivyo kuanza upya hakukuharibii.

Kabla ya kuanza upya, uliza benki kama mojawapo ya yale majaribio mawili lilikata hela. Wakati mwingine kadi inaonekana imekataa kumbe fedha imekwenda na taarifa imechelewa. Mtandao wa viza wa India wenyewe unaelekeza mtu asubiri kwa muda wa saa nne taarifa ya malipo isasishwe kabla ya kujaza fomu nyingine, na pale kwenye tovuti kuna kitufe cha kuhakiki malipo: unaandika namba ya ombi na unaona hali yake.

Hapo ndipo swali la kwanza linapokuja: ilikuwa tovuti ipi? Tovuti ya serikali ya India ni moja, indianvisaonline.gov.in. Angalia mwisho wa anwani: lazima uwe .gov.in. Ukiandika maneno "viza ya India" kwenye kitafutio, zinazotangulia mara nyingi ni tovuti za madalali zenye bendera ya India na nembo inayofanana na ya serikali, zinazoishia .com au .org. Zinakutoza ada ya viza na ada yao juu yake, halafu zinakwenda kujaza fomu ileile ya serikali kwa niaba yako. Serikali ya India haijampa wakala yeyote kazi hiyo. Andika anwani kwa mkono wako juu kabisa ya kivinjari, usibofye tangazo. Kama steshenari mlitumia tovuti nyingine na mlijaza namba za kadi, nenda benki ukaombe kadi ifungwe upewe nyingine.

Viza ya biashara, siyo ya utalii

India inagawa viza zake za mtandaoni kwa makundi. Ya utalii ni ya kutembea na kuwaona ndugu na marafiki. Ya matibabu ni ya mgonjwa, na anayemsindikiza mgonjwa ana ya kwake. Wewe unakwenda kiwandani kukagua mashine, kupatana bei na kununua. Hiyo ni biashara, na kundi lake kwenye fomu limeandikwa "e-Business Visa". Ndani yake utaulizwa tena madhumuni mahsusi: chagua kile cha kuuza, kununua au kufanya biashara. Fundi wako naye anaomba kundi hilohilo, kwa fomu yake na malipo yake. Viza haimfuniki mtu wa pili.

Wengi hukimbilia ya utalii kwa sababu karatasi zake ni chache. Mwisho wake unaonekana kwenye dirisha la uhamiaji. Afisa anauliza umekuja kufanya nini, unasema kununua mashine, na kwenye skrini yake unasomeka mtalii. Ana haki ya kukurudisha na ndege iliyokuleta. Na ukijibu kwamba umekuja kutembea, begi lako lina barua ya kiwanda na bei za mashine.

Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi na wewe. Viza ya utalii ya siku 30 haiombwi mapema kuliko siku 30 kabla ya kufika. Safari yako iko siku 35 mbele. Fomu ingekukatalia tarehe. Ya biashara inaombwa hata siku 120 kabla, inadumu mwaka 1 tangu siku ilipotolewa, unaingia na kutoka mara nyingi, na kila ukiingia unaweza kukaa hadi siku 180. Ukirudi mwezi wa sita kufuata vipuri, viza ni ileile. Haiongezwi muda wala haibadilishwi kuwa ya aina nyingine ukiwa kule, na haikupi ruhusa ya kuajiriwa.

Mwisho wa kuomba ni siku 4 kabla ya kufika. Usifike huko. Omba wiki tatu au nne kabla, ili picha ikikataliwa au karatasi ikiulizwa uwe na nafasi ya kupumua.

Barua ya Ludhiana

Viza ya biashara inadai vitu vinne vya kupakia: picha yako, ukurasa wa pasipoti wenye picha, kadi ya biashara, na barua ya biashara kutoka kampuni ya India. Hiyo barua ndiyo inayobeba ombi zima, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Mwandikie muuzaji leo. Barua iwe kwenye karatasi rasmi ya kampuni yenye jina, anwani kamili, simu na tovuti yao. Iandike jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, jina la biashara yako na mahali ilipo, sababu ya safari kwa maneno ya wazi (kukagua na kununua mashine ya kukamua mbegu za mafuta), na tarehe za kukaa. Iwe na sahihi, jina na cheo cha aliyesaini, na muhuri. Fundi apate barua yake, au majina na namba za pasipoti zenu zote mbili ziwe kwenye barua moja. Barua inayosema tu "tunamkaribisha mteja wetu" haisaidii.

Ludhiana, katika jimbo la Punjab, ni mji unaojulikana kwa mashine za kukamua mafuta, na viwanda vyake vimezoea kuandika barua hizi kwa wateja wa Afrika. Kiwanda cha kweli hakikuuzii barua. Ukiambiwa utume dola kadhaa kwanza ndipo uandikiwe, simama hapo hapo.

Na ipo njia ya kumkagua muuzaji bila kutoka Kibaigwa. Kampuni nyingi za India zinazouza bidhaa zimesajiliwa kwenye kodi yao ya mauzo, GST, na namba ya usajili huo ina tarakimu na herufi 15. Mbili za mwanzo ni namba ya jimbo: 03 ni Punjab, 07 ni Delhi, 24 ni Gujarat. Muuzaji anayesema kiwanda chake kiko Ludhiana lakini namba inaanza na 24 ana maelezo ya kukupa. Pia namba hiyo hutafutwa na mtu yeyote kwenye tovuti ya GST ya serikali ya India. Utaona jina la kisheria la biashara na kama usajili uko hai. Jina hilo lilingane na la kwenye barua, na baadaye lilingane na jina la akaunti ya benki utakayotumia kulipia mashine. Kazi hii ya dakika tano inakulinda kwenye viza na kwenye hela ya mashine yenyewe, ambayo ni kubwa kuliko ada ya viza mara nyingi.

Kadi ya biashara siyo jambo kubwa. Kama huna, steshenari yoyote ya Dodoma mjini inakuchapia. Iandike jina lako, jina la biashara kama lilivyo kwenye leseni, Kibaigwa, Kongwa, Dodoma, Tanzania, simu na barua pepe. Huhitaji kuwa na kampuni. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, au biashara ya mtu binafsi yenye leseni na TIN, inatosha. Kinachotakiwa ni jina moja kila mahali. Kama leseni inasema hivi, kadi inasema vile na barua ya Ludhiana inasema kingine, afisa anayesoma ataona biashara tatu.

Picha na pasipoti: kwa nini vilikataa

Picha inayotakiwa ni ya mraba, upande sawa na upande, angalau pikseli 350 kwa 350, faili la JPEG lenye uzito wa kati ya kilobaiti 10 na megabaiti 1. Nyuma yake pawe peupe au rangi nyepesi tupu, bila kivuli na bila fremu. Uso uonekane wote ukitazama mbele, macho wazi, bila miwani. Ushungi siyo tatizo mradi uso wote uonekane, toka kidevuni hadi juu ya paji.

Sasa linganisha na picha ya studio zetu. Ni ya mstatili, nyuma ni bluu, na mara nyingi inaletwa kwa kupiga picha ya picha, ikiwa na mng'ao wa taa juu yake. Ndiyo maana ilikataa. Na hata ile ambayo mashine inaikubali, afisa anaweza kuirudisha siku mbili baadaye.

Piga mpya kwa simu. Tandika shuka jeupe lililopigwa pasi ukutani, simama hatua moja mbele yake ili kivuli kisianguke juu ya shuka, ukielekea mlangoni au dirishani asubuhi. Mpigaji asimame kama mita moja na nusu mbele, simu iwe usawa wa macho yako, asitumie kamera ya mbele. Kata picha iwe mraba, punguza iwe pikseli 600 kwa 600 au 800 kwa 800. Uzito wake utakuwa chini sana ya megabaiti 1. Ukimtumia mtu wa kompyuta kwa WhatsApp, itume kama hati, siyo kama picha, kwa sababu picha inabanwa na kupoteza ubora. Picha iliyopatikana kwa kunasa skrini mara nyingi huwa ni faili la PNG, na tovuti haiipokei hata ukibadilisha jina la mwisho kwa mkono.

Pasipoti, barua na kadi vinapakiwa kama PDF, kila moja kati ya kilobaiti 10 na 300. Hapa ndipo wengi hukwama, maana skani ya simu huzaa faili la megabaiti 2 au 3. Usiibane hadi maandishi yakawa ukungu. Skani upya kwa pikseli 150 kwa inchi, ukurasa mmoja tu, na kata pembezoni kote. Itaingia kwenye kipimo. Kwenye pasipoti hakikisha ile mistari miwili ya chini yenye alama za <<< inaonekana mwanzo hadi mwisho, hakuna kidole juu yake, na mwako wa taa haujafuta tarehe. Barua ikiwa na kurasa mbili, ziunganishe kwenye faili moja.

Pasipoti yenyewe iwe na uhai wa angalau miezi 6 kuanzia siku utakayofika, na kurasa 2 tupu za mihuri. Kama fundi bado hana pasipoti, shughulika naye kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Ada ya pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000, maombi yanaanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji, na atahitaji kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa. Usimkatie tiketi mtu ambaye pasipoti yake haijatoka.

Kujaza fomu

Fungua kwanza barua pepe yako, kwenye simu yako, na neno la siri ulijue wewe. Kijana anaweza kukusaidia kuandika, lakini kila kitu kije kwako. Fomu ni ya Kiingereza. Kivinjari kikijitolea kuitafsiri kwa Kiswahili, kikatalie, kwa kuwa tafsiri inaweza kuvuruga majibu ya kuchagua. Ukurasa wa kwanza ukimalizika utapewa namba ya muda ya ombi: iandike kwenye daftari papo hapo. Umeme ukikatika au mtandao ukipotea, unarudi kwa namba hiyo na kuendelea pale ulipoishia.

Majina ndiyo hatari kubwa. Sisi tuna majina matatu, na mtu huyapanga kwa mazoea. Usifuate mazoea, wala kitambulisho. Fuata ile mistari miwili ya chini ya pasipoti. Wa kwanza unaanza na herufi P, halafu TZA, halafu jina la ukoo, kisha alama mbili za <<, kisha majina mengine. Kilicho kabla ya alama mbili kinakwenda kwenye "Surname", kilicho baada yake chote kinakwenda kwenye "Given Name". Na wenye majina kama Ng'wandu au Mang'ombe wasikilize hapa: fomu haipokei ile alama ya ng', na mistari ya chini ya pasipoti nayo haina. Unaandika NGWANDU, MANGOMBE. Ndivyo mashine ya uwanja wa ndege itakavyokusoma, na ndivyo tiketi inavyopaswa kuandikwa.

Namba ya pasipoti isome tarakimu kwa tarakimu, mwingine akishika pasipoti na wewe ukiangalia skrini. Herufi O na sifuri huwapoteza watu kila siku. Tarehe zinaanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Kibali chenye kosa kwenye jina au namba ya pasipoti hakirekebishwi uwanjani. Unaomba upya na kulipa upya.

Mengine ni ya kujibu tu kwa ukweli. Namba ya kitambulisho cha taifa ni ile ya NIDA yenye tarakimu 20. Utaulizwa alama ya kudumu mwilini: andika kovu lako na mahali lilipo, au andika NONE. Utaulizwa majina ya baba na mama, uraia wao na walikozaliwa, hata kama ni marehemu. Utaulizwa kama wazazi au babu na bibi zako walikuwa raia wa Pakistani. Mwenye asili hiyo haombi kwa mtandao, anakwenda ubalozini. Utaulizwa nchi ulizotembelea katika miaka 10 iliyopita. Kama ulikwenda Nairobi kwa basi au Dubai kwa mzigo, andika. Kuna maswali ya kukamatwa, kushtakiwa na kunyimwa viza. Uongo pale ndiyo unaofunga milango ya miaka inayokuja.

Sehemu ya biashara inataka jina, anwani, simu na tovuti ya biashara yako na ya kampuni ya India. Kama huna tovuti, weka barua pepe ya biashara pale inapokubali. Kisha wanataka mtu wa kumtaja India, ambaye ni yule aliyesaini barua, na mtu wa kumtaja Tanzania. Huyu wa Tanzania asiwe fundi mnayesafiri naye. Awe ndugu au mwenzako anayebaki, na simu yake ianze na +255.

Kiwanja cha kufikia kinategemea njia. Ludhiana iko kama kilomita 300 kutoka Delhi, na treni zipo nyingi. Amritsar iko karibu zaidi. Viwanja vyote viwili vinapokea viza za mtandaoni, pamoja na Mumbai, Ahmedabad, Chennai, Hyderabad, Bengaluru na vingine. Ukipanda ndege ya Air Tanzania ya moja kwa moja ya Mumbai, uhamiaji unafanyika Mumbai, hata kama siku hiyohiyo unaendelea Delhi. Basi andika Mumbai.

Malipo

Ada inategemea nchi ya pasipoti na aina ya viza, na kiasi chako kwa dola kinaonekana kwenye ukurasa wa malipo kabla hujathibitisha. Juu yake kuna tozo ya muamala. Hairudishwi, ombi likikubaliwa au likikataliwa. Na malipo yakishindikana mara 3, namba hiyo ya ombi inafutwa na unajaza fomu upya. Kwa hiyo usibofye mara ya pili bila kujua ya kwanza ilikataa kwa nini.

Sababu huwa ni zilezile. Kadi nyingi za benki zetu zinatolewa zikiwa zimefungwa kwa manunuzi ya mtandaoni, hasa ya nje. Unapiga simu benki au unakwenda tawini zifunguliwe, na unauliza kikomo cha siku ni dola ngapi. Ya pili ni namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwa ujumbe: inakwenda kwenye laini uliyoiandikisha benki, na kama ulibadili laini miaka mitatu iliyopita, ujumbe unakwenda kusikojulikana na muda unaisha. Hii ndiyo ninayoishuku zaidi kwako, kwa kuwa mlikuwa kwenye kompyuta ya mtu. Ya tatu ni salio: shilingi zinabadilishwa kwa bei ya benki ya siku hiyo, hivyo acha akiba juu ya hesabu yako. Kama kadi ya benki inasumbua, kadi pepe ya kulipia mtandaoni inayofunguliwa kwenye akaunti ya pesa za simu nayo ni njia, mradi uiwekee salio la kutosha kwanza. Kadi siyo lazima iwe na jina lako. Ya mwanao inafaa.

Lipa asubuhi mapema, mtandao ukiwa mwepesi, simu ikiwa mkononi. Skrini ikiganda usirudi nyuma wala kubofya tena. Subiri, kisha hakiki malipo kwa namba ya ombi.

Kusubiri, na baada yake

Jibu kwa kawaida huja ndani ya siku 3 au 4. Fungua barua pepe kila siku, pamoja na kabrasha la barua taka, kwa sababu kama picha au pasipoti haikumridhisha afisa, ujumbe wa kutaka upakie upya unakuja huko na ombi linasimama mpaka ufanye hivyo. Usingoje barua pepe peke yake. Hali ya ombi unaiona pia kwenye tovuti kwa namba ya ombi na namba ya pasipoti. Unachotaka kukiona ni neno "Granted". Hapo pakua kibali, kisome jina, namba ya pasipoti na aina ya viza, na chapa nakala mbili. Tiketi ya ndege lipia baada ya hapo, isipokuwa kama ni ya kubadilishika.

Homa ya manjano usiiache mwisho. India ni kali kwa jambo hili: anayefika ndani ya siku 6 tangu atoke au apite nchi iliyo kwenye orodha yao bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Kenya na Ethiopia zimo, kwa hiyo ukipitia Nairobi au Addis Ababa inakuhusu. Aliyebaki ndani ya uwanja wakati wa kuunganisha ndege anaweza kusamehewa, lakini uamuzi ni wa afisa wa afya, siyo wako. Chanja tu. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinahesabiwa ni cha maisha. Namba ya pasipoti kwenye kadi ya njano iwe ya pasipoti unayosafiri nayo.

Tangu Oktoba 2025 kuna pia fomu ya kufika ya mtandaoni, ya bure, inayojazwa ndani ya saa 72 kabla ya kutua. Siyo viza, haichukui nafasi ya viza, na atakayekutoza kwa ajili yake anakuibia. Siku ya kufika utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Beba mkononi, siyo kwenye begi la chini: kibali, barua ya Ludhiana, nafasi ya hoteli, tiketi ya kurudi na nakala ya leseni yako ya biashara. Ukiwa na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, au jumla ya fedha za kigeni inayozidi dola 10,000, zitamke forodhani India unapoingia. Ni afadhali zaidi hela ya mashine ipitie benki kwa jina lile ulilolihakiki kwenye GST.

Neno moja la mbele. Mkiafikiana, kiwanda kinaweza kumtuma fundi wao Kibaigwa kufunga mashine. Naye asije na viza ya utalii ya Tanzania ya dola 50 eti kwa kuwa ni nafuu. Anakuja kufanya kazi ya muda mfupi, na kwa hilo Uhamiaji wetu wana viza ya biashara ya dola 250, ya kukaa hadi miezi 3, inayoombwa kwenye visa.immigration.go.tz. Ataombwa barua ya mwenyeji, na mwenyeji ni wewe. Gharama hiyo iingizeni kwenye mapatano mkiwa bado Ludhiana, kabla ya kusaini.